Fulana ya Gemu Yangu Kaivaa Kevo

Jumamosi, saa nane mchana. Jeddah kuna vumbi tangu asubuhi. Madirisha yote ya nyumba hii ya Al-Safa yamefungwa, na kesho najua ni nani atakayeyafuta. Madam amejilaza baada ya chakula kama kawaida yake. Hii ndiyo saa yangu, na siku nyingine ningekuwa nacheza. Leo naandika kwa sababu nina donge.

Nimesema. Limenikaa hapa kooni kwa wiki mbili sasa.

Wasomaji wangu wa zamani nimeshawachosha na habari za duka la miavuli. Kwa mgeni: ni gemu ya simu, inatolewa na kampuni ya Wajapani wanne ambao ofisi yao, nilivyoambiwa, iko juu ya mkahawa wa tambi. Una duka dogo katika mji usiokatika mvua. Watu wanakuletea miavuli iliyovunjika, wewe unatengeneza. Basi. Hakuna vita wala anayekufa. Siku ya kwanza nilipoifungua, miaka miwili iliyopita, niliisikia ile mvua ikipiga juu ya bati nikalia, kwa sababu tangu nitoke kwetu Kisauni sikuwa nimesikia mvua ya maana.

Mlangoni mwa lile duka pana ufagio. Ukitaka, unaweza kufagia maji ya kizingitini kabla hujafungua. Hupati pointi hata moja na hakuna mteja atakayekusifu. Mimi hufagia kila siku, sikosi. Kazi ninayowafanyia watu kutwa nzima, mle ndani naifanyia duka langu mwenyewe.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka yote miwili nimekuwa nikimwambia kila mtu acheze gemu hii, huku moyoni naomba asiicheze. Nilipenda kuwa nayo peke yangu. Wajapani wa watu, wanahangaika usiku na mchana wajulikane duniani, na shabiki wao nambari moja anaomba wasijulikane.

Nilianza kuwaandikia kwa sababu ya Kiingereza chao. Kilikuwa cha mashine, mtu akikisoma anadhani anaombwa radhi. Kabla hujagusa mwavuli wa kwanza ulipitishwa kwenye kurasa kumi za maelezo na shukrani. Kiarabu ndicho kilichonichekesha, herufi zimeachana kila moja imesimama kivyake. Nikawaandikia, sikutarajia jibu. Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa Bi Haruka, ambaye katika wale wanne ndiye wa kushughulikia dunia yote iliyobaki. Peke yake.

Tumeandikiana tangu hapo. Amenieleza mengi, nami nimemweleza hata ninavyofagia pale mlangoni. Kwamba wakiitoa gemu inaangukia katika duka la mtandaoni penye maelfu ya gemu nyingine, na asiyeitafuta kwa jina hataiona. Kwamba ameandika barua kwa watu wa video za gemu, wale wenye wafuasi wengi, mpaka vidole vimemuuma, na hawajibu. Kwamba tangazo lao hulitoa saa tatu asubuhi ya kwao, na mimi ndiye niliyemwambia kuwa hiyo ni saa ambayo Afrika na Uarabuni kote watu wamelala. Alishangaa. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo ofisini.

Mara moja aliniambia kwamba kwenye maonyesho, akipita mbele ya kibanda cha kampuni kubwa, hujifanya anatafuta kitu mkobani ili asikitazame. Siku hiyo ndiyo niliyompenda hasa.

Mwezi uliopita akaniandikia kwamba wanatafuta mtu wa kuwajibu wachezaji wa nje ya Japani. Ni kazi ya saa chache kwa siku, inafanyika kwa simu popote ulipo. Alisema yeye angependa niwe mimi, lakini ofisi yao haimpi kazi mtu ambaye hawajamwona uso kwa uso, ndivyo walivyozoea. Watakuja Riyadh kwenye maonyesho ya gemu. Je, ningeweza kufika?

Mkataba wangu umebakisha miezi minne. Ningerudi kwetu kazi ikiwa mkononi, nisikae barazani nikisubiri wakala anitafutie nyumba nyingine ya kufagia. Nililala na wazo hilo siku tatu, kisha nikamwomba madam ruhusa.

"Riyadh?" akasema. "Mafi Riyadh. Na nani atapika? Halas." Yaani hakuna Riyadh, na maneno yamekwisha.

Basi nikamtuma Kevo.

Kevo ni kijana wa Kayole, tulikuja kwa ndege moja tukagawana mkate wake uwanjani. Yeye ni dereva wa gari la mizigo la kampuni moja ya Al-Sulimaniyah, Riyadh, na Ijumaa hana kazi. Nilimwagiza vitu viwili tu: awape pakiti ya majani ya chai ya kwetu, na aseme Zuhura wa Jeddah anawasalimu, ameshindwa kufika. Nilimfundisha na namna ya kuinamisha kichwa. Asubuhi ile, nami nataka niwe mkweli, niliomba kibanda chao kiwe kitupu. Kama mimi sitakuwepo, basi na pasiwe na mtu.

Saa kumi jioni Kevo akanitumia sauti. "Zuu, hawa watu wako wamesimama tu hapo ni kama wamekuja matanga. Hakuna mtu wanaita. Mimi nimeshindwa kuvumilia."

Kevo aliuza viatu soko la Gikomba miaka sita. Hawezi kuona bidhaa iko mezani na mdomo umefungwa. Kumbe Bi Haruka na mwenzake walikuwa wamesimama nyuma ya meza, mikono mbele, wanasubiri mteja aje mwenyewe, kwa sababu kwao kumwita mtu anayepita ni kumsumbua. Walikuwa wamepewa meza ya mwisho kabisa, karibu na vyoo. Kevo akasimama mbele akaanza: taal, shuf, mafi fulus, njoo uone bosi, kuangalia ni bure. Kufika magharibi pana foleni.

Alinitumia video. Nikawatazama watu wa Riyadh, ambao mwavuli wanauona labda mara mbili kwa mwaka, wamejipanga kutengeneza miavuli ya duka langu. Roho iliniuma mpaka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Usiku Bi Haruka akaandika: rafiki yako ni hazina. Miaka miwili mimi nilikuwa "mchezaji wetu mpendwa". Yeye kwa siku moja kawa hazina.

Wiki hii wakaja Jeddah, wamepewa nafasi ya siku mbili katika jengo moja la maduka huku Al-Rawdah, na gari lililokodiwa kuwaletea meza na vifaa kutoka Riyadh ni la kampuni ya akina Kevo. Alijipendekeza kwa bosi wake mpaka akapewa safari hiyo. Alhamisi akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba wamemuuliza kama anaweza ile kazi ya kuwajibu wachezaji, na amesema ndiyo, kwa muda, mpaka waamue.

Nilimwachia zile alama mbili za buluu, ajue nimesoma.

Jana, Ijumaa, Lujain akataka kwenda huko madukani kuiona hiyo gemu. Huyu ni binti wa madam, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Madam akasema nimsindikize. Riyadh ilinikataa, na sasa Riyadh yenyewe imenifuata mpaka robo saa kutoka jikoni kwangu. Nilivaa abaya yangu nzuri, nikashusha na ninja, uso wote umefunikwa yamebaki macho. Nilijiambia sitajitambulisha. Nitasimama pale kama mteja nione kama kuna atakayenijua. Ulikuwa ni utoto, najua.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni bango. Limeandikwa kwa Kiingereza: duka dogo, mvua nyingi, hakuna haraka. Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika mwaka jana nimekaa juu ya ndoo, nikamtumia Bi Haruka badala ya yale ya mashine. Na mbele ya maneno yangu amesimama Kevo, amevaa fulana ya rangi ya maji yenye picha ya mwavuli, anawaita watu. Imemkaa vizuri. Hata hilo liliniuma.

Nilimpita wakati anamvuta baba mmoja na watoto wake. Hakunijua.

Bi Haruka ni mfupi kuliko nilivyodhani, na miwani yake ina alama ya kidole. Alinikabidhi tableti kwa mikono miwili, akainama, akanieleza kwa Kiarabu cha kukariri namna ya kufungua duka. Miaka miwili, na ananifundisha mimi kufungua duka. Chini ya ninja nilikuwa nimeuma midomo. Lujain kando yangu alishaanza na mwavuli wake wa kwanza.

Nilitaka kuirudisha ile tableti niondoke. Nilikuwa nimeshaamua. Lakini mvua ilikuwa inanyesha pale kizingitini, maji yamejaa, na mkono wangu haukuningoja. Ukachukua ufagio.

Nikafagia kushoto, kulia, halafu ile kona ya chini ambayo ukiisahau maji yanarudi. Nilipoinua macho Bi Haruka alikuwa hatazami mtu mwingine. Alitazama skrini, akanitazama machoni, akatazama tena skrini.

"Zuhura-san?" akasema polepole.

Nikapandisha ninja. Akainama mpaka paji la uso likakaribia meza, na alipoinuka ile miwani ilikuwa imeingia ukungu. Lujain akaniuliza kwa Kiarabu nimemjulia wapi Mjapani huyu. Nikamwambia ni rafiki yangu wa kazi. Akaendelea na mwavuli wake.

Bi Haruka alinipa kadi yake, kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwema asiye na kinyongo na kiumbe yeyote. Kisha Kevo akaja, akanikumbatia kwa mabega tu maana tuko kadamnasi, nikamuuliza kama naye alipewa kadi.

Alipewa mbili.

Kevo hana kosa, na hilo ndilo linaloudhi. "Zuu, mimi niliwashow tangu Riyadh mtu wa hii game ni wewe," aliniambia. "Hiyo game hata sijamaliza siku ya kwanza. Mimi ni mdomo tu." Bi Haruka alisikiliza, nadhani alielewa nusu. Nilimwuliza waziwazi kuhusu kazi. Alisema sasa ameniona, na atalipeleka jambo hilo ofisini, jibu litakuja Jumatatu. Wao hawamjibu mtu papo hapo. Na mtu waliyekwisha kumwambia aanze, hata kwa muda, ni vigumu kumwambia aache. Nilimwelewa. Kuelewa hakukunisaidia kitu.

Sasa leo. Saa tatu asubuhi, nikiwa namenya viazi, Kevo akatuma sauti nyingine. "Zuu, nisaidie. Kuna mama mmoja wa Chile ameandika. Anasema tangu walete hii mpya, ufagio hairudi mahali pake, anakwama nayo. Kwani humo ndani kuna ufagio? Mimi sijawahi iona."

Niliisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka, hazina ya watu haijauona ufagio. Ya pili nilifurahi kwa ubaya: ajibu mwenyewe basi, si ana fulana. Wakimwona hajui, Jumatatu itakuwa rahisi kwangu.

Ya tatu ndiyo nikalisikia jambo lenyewe. Chile kuna mtu anafagia.

Kevo sikumwonea wivu hata robo ya nilivyomwonea huyo mama. Kevo alichukua fulana na kazi, na vyote ni vya kampuni. Ufagio ulikuwa wangu. Nilikuwa na hakika dunia nzima ni mimi peke yangu, na jana ndio ulionitambulisha. Nikaiacha simu juu ya friji. Nikapika, nikaandaa, nikaondoa vyombo. Muda wote huo namwona yule mama amesimama mlangoni na ufagio mkononi, hawezi kufungua duka, wateja wamelowa nje.

Jibu ninalijua. Toleo jipya lilininasa mimi pia Jumatano. Usibonyeze tena pale ukutani. Ingia nao ndani, uuegemeze kwenye ndoo, toka, rudi, utaukuta umekaa mahali pake.

Sikumpa Kevo. Nimeingia mwenyewe kwenye ukurasa wa maswali ya wachezaji, sasa hivi kabla ya kuanza kuandika haya, nikamwandikia yule mama kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, nikatia sahihi: Zuhura, Jeddah. Kisha nikamwambia Kevo limekwisha. Akanitumia kidole gumba na moyo.

Jumatatu waamue watakavyo. Nikipewa kazi nitafurahi hadharani. Nisipopewa, blogu hii mtaijua hali yake.

Namsikia madam akifungua mlango wa chumba chake. Simu imelia wakati huohuo, ni jibu kutoka Chile. Amefungua duka. Anashukuru, anasema alikuwa akiona haya kuuliza, kwa sababu alidhani duniani hakuna mwingine anayefagia.

Nimemwandikia kwamba tuko wawili. Nani alianza sikumwambia.

Nilianza mimi.