Chokaa ya Papa Félicien, Mlinzi wa Barabara ya Mashindano

Mwaka umezunguka, Papa Félicien, tangu watu wale wakutoe nyumbani kwetu Kilibula mchana, chakula kikiwa bado mezani. Hukurudi kukimaliza.

Ulikuwa mpole, ila kwa ile barabara ya mashindano ya magari ulikuwa mkali. Wazungu waliijenga pale uwandani ili magari yakimbizane tu, yazunguke na kurudi yalipotoka. Ulisaidia kuimwagia lami, wakakufanya mlinzi wake. Uhuru ulipofika wakaondoka na magari yao, nawe ukabaki unafagia. Akina mama walipoanika samaki wadogo wa ndagala juu ya lami uliwafukuza, halafu ukawabebea vikapu. Jirani yetu Mama Pudentienne alikutania: "Weye Félicien, iko unachunga barabara isiyoenda popote!" Ukacheka: "Minye nasema magari itarudi. Itanikuta."

Ndiyo maana kila mwaka ulipaka upya ule mstari mweupe wa kuanzia. Chokaa uliificha chini ya kitanda chako, maana majirani walipenda kuiomba wapake nyumba zao. Mwaka jana waasi walikuwa wamekwisha kuuteka mji, tukakusihi uache. Hukusikia. Yesu wangu! Mtu akaenda kuwaambia kwamba unazichorea ndege za serikali mahali pa kutua. Wakakuchukua, na kesho yake tuliokota maiti yako kando ya mstari wako.

Papa, hapa ndipo roho zetu zinakataa kutulia. Watu wale hawakupekua nyumba. Hawakugusa jikoni, hawakuuliza kitu. Waliingia moja kwa moja chumbani, wakainama, wakavuta gunia la chokaa. Nani aliwaonyesha? Chumba cha wazazi si sebule. Mkwe haingii, jirani haingii, hata sisi watoto tuliita tukiwa mlangoni. Aliyekusaidia kuliingiza gunia ni ndugu yako, baba mdogo Donatien, peke yake.

Hatumshitaki. Tunauliza tu. Kwenye mazishi alilia kuliko Mama, lakini watu walipotupa udongo kaburini alisema mkono unamuuma. Baadaye tukauona mkono uleule ukinyanyua kikombe cha pombe ya kasigisi bila shida. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na tangu siku hiyo hakanyagi barabara yako. Anazunguka kwa nyuma, kwenye matope.

Jumamosi hii tunaondoa matanga. Kwa desturi yetu, mwanao Rémy akiwa bado mwanafunzi, ndugu wa marehemu ndiye anakalia kiti chake mbele ya watu wote. Akishakaa, nyumba, shamba la Nyakabere na sisi wenyewe tunakuwa chini ya neno lake. Baba mdogo ameshakuja mara nyingi kukiulizia. Juzi Mama alimjibu: "Shemeji, kiti kiko. Kwanza useme mbele ya watu ni nani aliwaonyesha kitanda changu." Akaondoka, akasahau kofia yake. Mpaka leo hajaifuata.

Tunakililia kicheko chako, Papa. Kiti tutakitoa uani, na Kilibula yote imealikwa kuja kutazama.

Wanaokukumbuka ni mke wako Pétronille. Watoto wako Émérance, Rémy na Marie-Jeanne. Na dada yako Louise wa Katogota. Ndugu yako Donatien alitaka jina lake liwe la kwanza. Tumeliacha nje mpaka Jumamosi.

Hatutakusahau kamwe, Papa. Na aliyewaonyesha kitanda, naye hatutamsahau.