Kwa Shemeji Aliyefunga Mtego kwa Mti Mbichi

Mpendwa shemeji Wekesa,

Hilo neno "mpendwa" ni dada yako Nafula aliyenilazimisha kuliandika. Alisimama nyuma ya kiti changu na mwiko mkononi mpaka nikalimaliza. Mimi nilikuwa nimeanza na neno lingine, na unalijua, maana uliniita hilo hilo siku nilipokufunga drafti mara tano mfululizo hapa sebuleni kwangu Temple Hills.

Barua hii naiandika wazi, kwenye jarida dogo la kanisa letu, kwa sababu sina anwani yako. Peja yako, kile kidude cha kiunoni cha kukuitia, nimeipiga mpaka kidole kimeota sugu. Mmoja anasema uko Texas, mwingine anasema Minnesota. Basi yeyote huko atakayemwona mtu mrefu, mwenye pengo la jino moja, anayecheka kabla hadithi yake haijaisha, amkabidhi karatasi hii na asimwachilie mpaka aimalize.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza kwa Mzee Dale? Mimi nakumbuka kila kitu, kwa sababu kichwa changu ni kabati. Shule niliacha darasa la saba, lakini darasa la saba la enzi zetu ni chuo kikuu cha hawa vijana wa sasa. Yule mzee wa Manassas, na ndevu zake hadi kifuani, alikuwa anaitwa na wenye nyumba kuwaondolea wanyama wasumbufu, na alitaka watu wawili wenye nguvu. Akatupeleka Columbia, kwenye bwawa lililo nyuma ya zile nyumba zinazofanana kama mapacha. Biva walikuwa wameziba mfereji. Ndugu msomaji ambaye hujamwona biva, ni mnyama wa majini mwenye mkia bapa kama mwiko, na meno ya kuangusha mti mzima. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye njia ambayo watu wa kule hufanyia mazoezi ya kukimbia asubuhi.

"Huyu anafukuzwa na nani?" uliniuliza, ukimwangalia bwana mmoja aliyepita akihema.

"Na kitambi chake," nikakujibu.

Ukacheka mpaka Mzee Dale akashusha nyundo na kutungoja tumalize.

Na yule mzee alitufundisha vizuri, usikane. Alifungua nyuma ya gari lake, tukaona vitu vyenyewe: mitego ya chuma ya kubana mguu, nondo zilizokatwa urefu wa mkono mzima, misokoto ya waya, magunia matupu, nyundo nzito. "Mtego wenyewe ni robo ya kazi," akasema. "Kazi ni kile kinachoushikilia." Akapigilia nondo ukingoni. Akajaza gunia mawe na kulizamisha penye kina. Akanyoosha waya kutoka kwenye nondo hadi kwenye gunia, na kwenye ule waya akatia kibanio kidogo, kilichoshika mnyororo wa mtego, kinachoteleza kwenda chini tu, hakirudi juu. Biva akinaswa hukimbilia kwenye kina kama alivyozoea, kibanio kinashuka naye na kumzuia asirudi juu kupumua, na dakika chache mambo yamekwisha. Pale penye tope laini, ambapo nondo haishiki, alitumia nanga ya waya: kipande cha chuma kama mdomo wa ndege, unakipigilia chini kabisa, halafu unavuta waya, nacho kinageuka na kulala kando huko huko ardhini.

"Hii ni kama mgeni wa kwetu," ukasema. "Akishaingia, hatoki."

Nilimtafsiria Mzee Dale. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Bila nanga, umemvisha mnyama chuma na kumwambia aende nacho." Wewe uliitikia kwa kichwa kwamba umeelewa. Nilikuona kwa macho yangu.

Sasa nikuulize, shemeji. Ulielewa nini?

Maana mimi najua ulichokuwa unakiwaza siku ile ya Januari ulipotega peke yako, na ndicho kinachonichoma. Ulikuwa unawaza fuko, yule mnyama mchimba ardhi. Ulikuwa unawaza shamba la mahindi la mama yako kule Kimilili, mwaka niliokuja kumposa Nafula, na mafuko yalikuwa yamefanya shamba lile kama lililolimwa na mlevi. Mama yako alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema kijana wa mjini hawezi hata kumshika fuko. Nilikuwa nimevaa suti ya rangi ya maziwa, unaikumbuka suti ile, ilisimamisha soko. Ni wewe uliyenionea huruma. Ulinichukua kando, tukachimba mpaka kwenye njia ya fuko, tukatega kitanzi, ukakata ufito mbichi, ukauchimbia na kuupinda. Nilitaka kukuletea mti mkavu kutoka jikoni.

"Mkavu ni wa kuni, shemeji," ukaniambia, na wakati huo hata sikuwa shemeji yako bado. "Mbichi hauvunjiki."

Haukuvunjika. Kesho yake fuko alikuwa ananing'inia, na mimi nikapata mke. Kwa hiyo najua unavyouamini mti mbichi. Hata mimi nimeuamini tangu siku hiyo.

Lakini fuko hali miti, Wekesa!

Siku ile ya Januari tuligawana kazi wenyewe bila mzee kujua; mimi nilikuwa kwenye bwawa lingine, na nanga za waya zilikuwa kwenye buti la gari langu. Sawa, hilo ni kosa langu, nalikubali mbele ya kanisa zima. Ulipigilia nondo kwenye tope, ukaivuta, ikatoka kama kijiko kwenye uji. Ungeweza kunipigia peja. Ungeweza kuuacha mtego kwenye gari la mzee ulilokwenda nalo na kungoja kesho, biva wale walikuwa hawana ndege ya kuwahi. Wewe ukakata mti mbichi wa mwerebi pale pale kando ya maji, ukauchonga ncha, ukauzamisha hadi shingoni, ukafunga waya wako juu yake. Na uliufunga vizuri! Uzuri wa kazi ile ndio unanitia hasira zaidi. Ulimfunga mnyama kwa chakula chake. Ni kama kunifunga mimi kwa kamba ya chapati na kutegemea kunikuta asubuhi.

Asubuhi tulikuta kisiki cha kijiti chenye alama za meno, waya umelegea, mtego haupo, biva hayupo. Ulitazama kile kisiki, ukatazama maji, ukaniambia, "Shemeji, nisubiri hapa, naenda garini kuchukua glavu."

Ni miezi miwili sasa. Glavu gani hizo, zinashonwa?

Nilikungoja nusu saa kwenye baridi ile, nikidhani umeshikwa na tumbo. Niliporudi kwenye gari, koti lako halikuwemo. Nafula aliporudi kutoka kazini kwake kwenye nyumba ya wazee, alikuta begi lako limeondoka na shuka umezikunja vizuri, kama mtu mwenye adabu. Adabu ya shuka! Mimi nilikuwa bado niko bwawani.

Sikiliza nilichofanya siku mbili zilizofuata, kwa sababu nataka uzijue. Mama mmoja wa zile nyumba alimwona biva wetu kwenye nyasi zake akiburuta mnyororo, na watoto wake walikuwa dirishani wakingoja basi la shule. Alinitokea na gauni la kulalia na kunipigia kelele. Nusu ya maneno yake niliyaelewa kwa Kiingereza changu, nusu nyingine niliielewa kwa uso wake. Mimi, niliyewajibu maaskari wa mpaka wa nchi tatu mpaka wakanipa chai, nilisimama pale na kusema pole, pole, pole, kama kasuku.

Siku ya pili nilimpata biva kwenye matete. Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye gogo lililoanguka. Mguu wake sitauandika hapa, watoto husoma jarida hili. Hakujaribu hata kunikimbia. Nilifanya lililobidi, haraka, kwa mkono wangu. Nimezika ndugu, shemeji. Nimekaa uwanja wa ndege wa Dubai kwa muda wa saa kumi na moja nikiwa na njaa nikiimbia watu nisiowajua, na sikulia. Pale nililia, na aliye na neno la kusema aje aniambie usoni.

Mzee Dale alipokuja aliuliza swali moja tu. "Nani alifunga huu waya?"

Nikasema, "Mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu nilidhani utarudi jioni. Baadaye niliendelea kusema hivyo kwa sababu ya mama yako, asije akasikia kwamba umetoroka. Kila Jumapili tunampigia kwa kadi ya simu, nayo inakatika katikati, na swali lake ni moja: mwanangu anaendeleaje? Namwambia umenenepa. Nafula anageuka ukutani nisimwone machozi. Nimemdanganya mama mkwe Jumapili nane, ndani ya nguo za kanisani.

Mzee Dale hakupiga kelele. Alinitoa nyundo mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na tangu siku hiyo kazi yangu ni kupanda ngazi na kuziba matundu ya kindi kwenye dari za watu. Na wewe unajua alichokuwa ametuahidi. Magoti yake yamekwisha. Msimu huu ukiisha, mabwawa yote na vijito vyote alivyovihudumia alitaka kutuachia sisi wawili, na vifaa vyake, na lile gari. Sasa anatafuta mtu mwingine.

Lakini usidhani nakasirikia kijiti. Kijiti ningekicheka. Ningekicheka mpaka uzeeni, ningewasimulia wajukuu wako kwamba babu yao alimfunga biva kwa mboga. Nakasirikia ule mgongo wako ukienda garini. Wewe uliyenichukua kando shambani nilipokuwa na aibu, ulishindwa kusimama kando yangu ulipokuwa na aibu wewe?

Juzi Mzee Dale alinikuta nanawa mikono. Aliweka mezani kile kisiki cha mwerebi. Kumbe alikihifadhi.

"Hiki kimechongwa na mtu wa mkono wa kushoto," akasema. "Wewe ni wa kulia."

Alijua tangu siku ya kwanza! Nikamuuliza, nikiwa nimekasirika kweli, mbona hakusema, mbona ameniacha nipande ngazi majira yote ya baridi.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akajibu. "Aliyekosea kufunga, namfundisha upya. Anayenidanganya usoni, siwezi kumwachia maji."

Kwa hiyo sasa hasira yangu siwezi tena kukupa yote. Fungu lako ni kubwa bado, usifurahi. Lakini lililonipotezea bwawa ni ulimi wangu mwenyewe, na hilo nalikubali kwa shida sana, kwa sababu ulimi huu ndio nimekuwa nikijivunia maisha yangu yote.

Amesema Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa mbili asubuhi, pale pale Columbia, atasikiliza ukweli. Baada ya hapo ataamua nani anachukua vifaa.

Njoo, Wekesa. Nitakutukana kwanza, nimeandaa matusi kwa lugha nne na mojawapo ni Kifaransa, nimefundishwa na jirani yangu Mkongomani. Utayasikiliza yote umesimama. Halafu tutampigia mama yako, na utamwambia wewe mwenyewe kama umenenepa au umekonda. Nafula atapika.

Na usipokuja, nitamwambia mzee jinsi ilivyokuwa, na jina lako nitalitaja. Sikuchongei. Nimelibeba miezi miwili na mabega yamechoka. Nitalitaja tu, na afadhali nilitaje ukiwa umesimama kando yangu.

Ni mimi, mume wa dada yako.