Maji ya Bahari ya Wakesho

Mghange, kupitia Voi
Agosti 1955

Ndugu yangu Zuhura,

Salamu zitangulie, nami nakuombea uzima wewe na wote wa nyumbani Mombasa. Je, goti lako linakuacha upande ngazi? Mimi langu lingali linanibeba. Asiyejiweza ni wifi yako Wakesho. Tangu mvua zilipokatika hajatoka kitandani, na daktari ametwambia tumpe chochote roho yake inachotaka. Unaelewa maana yake.

Na roho yake, kama ujuavyo, inataka maharamia. Kila jioni nifungue kile kitabu cha Kiingereza nilichoachiwa nilipokuwa karani wa stesheni Voi, nimfasirie. Mtu wa milimani, hajapata kuiona bahari! Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba hao ni wezi wa baharini, aliuliza, "Wanaiba maji?" Huku twagawana maji ya mfereji kwa zamu, na mwizi ajulikanaye ni yule anayeyageuzia shambani kwake siku isiyo yake. Nikamwambia wanaiba dhahabu, maji ya bahari ni chumvi tupu. Hakukubali.

"Watu wanakatana na panga juu ya maji haiwezi kunywewa? Baba Salimu, hiyo kitabu inakuficha kitu."

Tangu hapo hadi alipougua, jirani yetu Mwakio akigeuza maji, Wakesho alikuwa akisimama juu ya tuta na kupaza sauti: "Haramia wewe! Rudisha bahari yangu!"

"Rudisha wewe kwanza ile ya juzi!" alikuwa akijibu Mwakio. Maana wifi yako naye hakuwa mtakatifu wa mfereji ule.

Juzi Mwakio alikuja kumtazama. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama Salimu, nimekufungulia maji. Maharagwe yako ilikuwa inakauka."

Zamu ilikuwa ya Mwakio mwenyewe. Wakesho akanigeukia. "Haramia gani huyu anarudisha?"

Tukacheka sote. Kisha Mwakio akatoka haraka, nikamsikia akipenga kamasi uani.

Zuhura, kutoka Voi hadi kwenu ni usiku mmoja wa treni. Kila mwaka tulisema tukishavuna twende. Tukavuna, tukapanda tena. Sasa hata kumteremsha mlima haiwezekani. Amebakiwa na ombi moja: aonje maji ya bahari, ajue kama miaka yote hii nilimwambia kweli. Nakusihi, chota chupa moja, umpe mwanao Athumani aje nayo. Mwakio amesema atashuka mwenyewe Voi kumpokea. Usingoje mwisho wa mwezi. Kila asubuhi namsikiliza kwanza anavyopumua, ndipo nawasha moto.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mama mdogo aliyenifundisha kuogelea. Mwambie mikono imesahau.

Wakesho anasikia kalamu. Anasema nikwandikie kwamba maji hayo uyachote wenye bahari wakiwa hawatazami.

Kaka yako wa bara,
Omari