Nyayo za Mama Mkwe

Jumamosi usiku

Sijui nicheke au nilie. Fundi ameshinda uani akigonga nakshi za mawe kwenye zege bichi. Akaaga: "Mama, asikanyage mtu mpaka kesho."

Nikaingia kuoga. Mama mkwe akaja bila hodi, akaiona sakafu inavyong'aa, akavua kandambili kwa adabu, akakatiza peku mpaka jikoni. Nikatoka bafuni, nikamkuta.

"Shikamoo mama! Zege halijakauka hilo!"

"Marahaba. Si nimevua viatu, mwanangu, nisikuchafulie? Nimehisi inabonyea, nikajua ndiyo mambo ya kisasa."

Mume wangu amekataa kabisa fundi azibe nyayo. Eti ni baraka za mama yake.

Miaka yote nimekwepa huyu mama asihamie kwangu. Leo kahamia. Tena kwa zege.