Mtoto wa Filamu Ambaye Hakuna Aliyemtafuta

Jumapili, Bunia. Mvua imeacha.

Imenyesha tangu misa ya kwanza, na sasa njia ya kwetu ni tope jekundu linalong'ang'ania viatu. Nimeamka na uchungu wa jana, nimekwenda nao kanisani, na nimerudi na kitu kingine ambacho bado sijui nikiite nini. Ndiyo maana ninaandika mchana huu, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa jikoni.

Jana filamu yangu ilianguka.

Nasema yangu, ingawa si mimi niliyeitengeneza. Imetengenezwa ng'ambo na studio kubwa, mojawapo ya zile ambazo alama zao zikitokea tu kwenye skrini watoto hupiga makofi kabla hawajaona kitu. Ni katuni, tena imechorwa vizuri mpaka unahesabu vinyweleo kwenye sikio la mbuzi. Lakini inazungumza Kifaransa. Mimi hukaa pembeni ya skrini na mikro mkononi, nikaigeuza Kiswahili papo hapo, nikawapa watu wake majina ya kwetu, nikacheka na kulia kwa niaba yao. Filamu ikianguka, inaanguka na sauti yangu.

Siku za juma mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi alasiri ni mtafsiri. Papa Kambale, mwenye ukumbi, alinipa saa hizo mbili baada ya kumsumbua sana, maana siku nyingine zote ukumbi wake ni mpira na filamu za vita. Nilimwambia kwamba kina mama na watoto wa mtaa huu, ambao wengi wamefika hapa kutoka kwenye vita vya Djugu na sufuria moja kichwani, wanastahili saa mbili kwa juma ambazo bunduki hailii hata kwenye skrini. Akakubali. Lakini majuma matatu mfululizo watu wamekuwa wakipungua, naye akaanza kukuna kidevu kila anapopita karibu nami. Kwa hiyo hii ya jana nilijipiga kifua. Niliandika kwa chaki mlangoni, herufi kubwa: FILME YA FAMILIA. Nikamhakikishia kwamba ukumbi utajaa.

Ulijaa kweli. Watu walikuja familia nzima, na koko zao pia, ndivyo tunavyowaita mabibi na mababu, wakaketishwa benchi la mbele kama wageni wa harusi.

Habari yenyewe ni hii. Msichana anaishi mlimani na koko yake na ndugu wengi. Amechoka nao. Asubuhi moja anaamua kwenda kutafuta yeye ni nani hasa. Nilimpa jina la Furaha. Alipofungua mlango na muziki ukapanda, nami nikapanda nao, nikatangaza kwenye mikro: "Furaha anakimbia nyumbani!"

Vichwa vikanigeukia.

Mwalimu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, nimesahau maana ya neno moja. Kwetu mtu hakimbii nyumbani kwa kuchoshwa na ndugu. Anakimbia kwa sababu wamekuja. Watoto wakaanza kuulizana nani amemfukuza, na mama mmoja nyuma akauliza, bila kejeli yoyote, "Anakimbia bila sufuria?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimekwisha kuchanganyikiwa. Nikajaribu kurekebisha: anaondoka, anatembea, anakwenda safari. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Furaha alikuwa juu ya jabali akiimba peke yake wimbo mrefu, na nyuma yake hapakuwa na mtu, si adui wala ndugu.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Dorcas. Anauza nyanya sokoni, mimi ni mteja wake, naye pia ni mtu wa Djugu. Niliona akiinuka katikati ya wimbo wa tatu, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka bila kuniangalia. Wengine wakamfuata, benchi kwa benchi, kwa adabu, wakiinama wasizibe skrini. Adabu ile iliniuma kuliko kama wangenizomea. Mwisho walibaki watoto waliolala, na Papa Kambale mlangoni, mikono kifuani.

Nilimwambia ni mvua. Kulikuwa na manyunyu kidogo juu ya mabati, nikasema kelele zake zimeharibu sauti.

Nilidanganya.

Nafikiri alijua, kwa sababu hakubisha. Alisema tu kwamba ananipa Jumamosi moja zaidi, filamu ile ile kama ninaiamini hivyo, na ukumbi usipojaa anarudisha mpira. Sikulala na njaa, lakini chakula hakikuwa na ladha.

Kabla ya kula nilikuwa nimetafuta kwenye simu, nikaona kwamba huko ng'ambo pia filamu hii imeanguka. Kila mtu ana sababu yake. Mmoja anasema nyimbo ni nyingi mno, mwingine kwamba watu siku hizi wanangoja kuangalia nyumbani, mwingine kwamba tangazo lake lilikuwa baya. Naungama nilifurahi. Kama imewashinda wenye majumba ya viti laini, basi mimi na mabenchi yangu tuna kosa gani? Kisha nikajitungia sababu yangu ya Bunia: nimewatonesha watu kidonda. Neno langu limewarudisha njiani, usiku ule, na milio ile. Nikawahurumia sana. Nikajiona mtu mwenye moyo.

Leo baada ya misa nimemkuta Mama Dorcas chini ya mabati ya kanisa akingoja mvua ipungue. Nimemwomba msamaha. Nimemwambia neno lile halikufaa, nilipaswa kufikiria mambo waliyopitia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Ameniacha nimalize yote.

"Madame," akasema, "haikuwa neno. Siye tulilia kwetu, tulimaliza. Ile filme yako iko mubaya tu."

Nadhani akanihurumia, kwa sababu aliendelea polepole.

"Uliandika filme ya familia. Siye tukakuya kuangalia familia. Sasa iko wapi? Mutoto anatoka mu nyumba, koko yake anabaki na sahani, basi, hatumuone tena. Hakuna hata mutu moja anamutafuta. Wakati tulikimbia, mutoto wangu Dorcas alipotea siku mbili ku njia ya Kilo. Niliita jina yake mpaka sauti ikaisha. Batu benye sikujua, nabo bakaniitia." Akafuta maji usoni kwa kona ya kitenge. "Ule, koko yake mwenyewe hamutafute. Weye unataka siye tumutafute juu ya nini?"

Kisha mvua ikapungua naye akaenda zake, kwa sababu alikuwa ameacha maharagwe kwa jirani.

Nimetembea hadi nyumbani bila kuona tope. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wale wote hodari wa studio, na vinyweleo vyote vile vya mbuzi, na hakuna aliyeuliza swali la muuza nyanya. Wamejishughulisha na mtoto anayejitafuta, wakasahau kwamba mtoto akitoka nyumbani kuna mtu anayebaki ameshika sahani. Huenda sivyo ilivyo kwa watu wa ng'ambo. Huenda wao waliondoka ukumbini kwa sababu nyingine kabisa. Lakini mimi naona hata huko kuna bibi aliyekaa benchi la mbele akingoja kuitwa.

Na mimi, niliyejiona mwenye huruma, nilikuwa nimewaangalia watu wangu kama majeraha yaliyokaa kwenye mabenchi. Kumbe walikuwa watazamaji. Filamu ilikuwa mbaya, wakaondoka. Ni haki ya mtazamaji yeyote duniani, na aibu hii ya kutowapa haki hiyo ninaiona mbaya kuliko ile ya jana.

Nilipofika nimeiangalia tena kwenye kompyuta ndogo ya mume wangu, sauti nimezima. Koko anatokea mara tatu. Mara ya kwanza yuko dirishani. Mara ya pili yuko mezani na ile sahani, kitambo kidogo kiasi cha kukohoa. Mara ya tatu yuko mlangoni, mwishoni, Furaha anaporudi. Hasemi neno hata moja. Kati ya hapo kuna misitu, ukungu, mito, muziki mtupu ambao jana niliujaza maneno yangu ya kubahatisha. Na kuna kitu ambacho sikukiona jana: mara mbili, katikati ya ukungu, Furaha anageuka nyuma. Hakuna sababu. Anageuka tu, ametega sikio kama aliyeitwa.

Basi ataitwa.

Je, nina ruhusa? Mtafsiri si mtunzi, na filamu ina wenyewe. Nimejiuliza nikimenya vitunguu na bado sina jibu safi. Lakini nimekwisha kumpa msichana jina, nimempa na lugha. Kumpa mtu wa kumtafuta si wizi mkubwa kuliko huo. Picha sitaigusa. Nitakaa gizani na mikro yangu, na kila ukungu ukishuka, koko atakuwa anapita mlimani akiita, sahani ikiwa imefunikwa mezani. Na neno lile la kukimbia sitalisema tena. Nitasema Furaha amepotea, na watu wote wa ukumbi ule wanajua mtu aliyepotea anafanyiwa nini.

Nimeanza kujaribu sauti yake sasa hivi, uani, baada ya kuipua sombe. Mara ya kwanza ilitoka ya mwalimu anayeita mahudhurio. Mara ya pili ilikuwa ya mbuzi. Mara ya tatu nilimfikiria Mama Dorcas kwenye njia ya Kilo, nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikaita kutoka tumboni, "Furahaa! Furaha eee!"

Mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo. Mama Esther alitoka mbio, mwiko mkononi, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki kwenye tope.

"Mama Gloire, nani amepotea? Alipita wapi?"

Nimemwambia ni mtoto wa filamu. Ameniangalia mimi, kisha mwiko wake. Nilidhani atanitukana, na ingekuwa haki yake. Akauliza kama tumeshampata.

Bado, nimemjibu. Jumamosi.

Sijui kama ukumbi utajaa. Lakini Furaha sasa ana mtu wa kumtafuta, na mtu huyo ametoka na kandambili moja.