Sauti Iliyomo Sikioni Mwako Si ya Babu Yako

Mjukuu wangu Nyemo,

Huna adabu. Naanza na hilo lisije likasahaulika huko mbele. Mtu mzima mwenye ndevu unatoka nyumbani kwa bibi yako alfajiri, huagi, mlango umeuacha wazi, na simu yangu hupokei mpaka leo. Mimi sikukulea hivyo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la nne langu linatosha, na bahasha sikuifunga makusudi. Dereva anayekuletea huko Nzuguni unakopanga ataisoma. Wenzako wa kwenye kokoto nao wataisoma. Wasome, inawahusu.

Ulikuja hapa Mlali umekonda. Ukaniambia mashine ya kuvunjia mawe kule Msalato imekuachia mlio masikioni. "Nziii, bibi. Mchana na usiku, hata mashine ikizimwa." Nikakuuliza, vile vya kufunika masikio mlivyopewa kazini viko wapi? Ukacheka. Ukasema ukivivaa wenzako wanakuita mtangazaji wa redio, basi unavining'iniza shingoni kama mkufu. Yaani kwa kuogopa utani wa wanaume waliojaa vumbi mpaka kwenye kope, umeyatoa masikio yako bure.

Ukataka kimya, nikakupa kimya. Redio tukazima. Watoto wa jirani nikawafukuza uani. Ukaniagiza niwavue mbuzi kengele, nikawavua, wakaenda wakaingia kwenye karanga za watu bila mimi kujua, matusi nikayapokea mimi. Jogoo naye ulitaka nimchinje. Nikakwambia huyo ana kazi kuliko wewe. Nyumba ikawa kama ina msiba, tunaongea kwa kunong'ona, mlenda tunakula kama wezi. Na wewe kila siku unasema mlio umezidi.

Ndipo akaja baba yako mdogo na maneno yake.

"Huyo ni baba," akasema. "Anamwita mjukuu wake. Tukamchinjie kondoo mweusi pale kaburini, atanyamaza."

Na wewe uliyefika kidato cha nne ukaitikia. "Kweli bibi. Nikisikiliza sana ni kama zeze lake."

Nikawaambia, marehemu akitaka kuita mtu ataanza na mimi mkewe, kuna mengi hatujamalizana. Baba yako mdogo alicheka. Wewe hukucheka. Ukasema nakuzuia kusikia neno la babu yako, na kesho yake nikakuta kitanda kitupu.

Sasa nisikilize. Zeze la yule mzee ninalijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa nje baada ya mavuno, yeye kwenye kigoda anapiga, wewe umejilaza miguuni pake? Alikuwa akikosea anarudia. Akichoka anaacha. Katikati ya wimbo alikuwa anakwambia, "Toa mguu, mwanangu, unaniziba," halafu anaendelea pale pale alipoachia. Huo mlio wako unakosea? Unachoka? Una wimbo? Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga sauti moja kutwa nzima. Usimsingizie.

Utauliza ninajuaje. Ninajua kwa sababu na mimi ninao. Sikumwambia mtu, maana sipendi kuonewa huruma.

Wangu niliupata kwenye mashine ya kusaga, ile ya karibu na soko. Mama yako alikuwa ameenda mjini kutafuta maisha, wewe uko mgongoni kwangu, na mimi ndiye ninayemimina mtama wa watu. Kelele yake ilikuwa inatikisa ukuta. Kila asubuhi nilikuwa nakuwekea pamba masikioni, kisha nakufunga kichwa kwa kipande cha kanga. Wanawake kwenye foleni wananiuliza, "Bibi Nyemo, mtoto anaumwa jino?" Nikawa nawajibu, sagisheni muondoke. Wewe ulilala humo kama uko kitandani. Mashine ikizimwa ndipo unaamka kulia. Mimi kichwani nilikuwa na kilemba tu, cha kuzuia unga.

Ulipoanza ule mlio nilidhani ni nyenje kaingia darini. Babu yako nikampandisha juu na fimbo, akachokonoa mpaka vumbi likatujaa machoni, nyenje hayupo. Akashuka akanitazama, akasema, "Mke wangu, ukimwona uniite." Baadaye nikaelewa kwamba nyenje ninaye mwenyewe.

Nilikaa naye hivi. Sikumpa kimya. Wakati wa kulala naacha redio ikiongea chini chini, hata sijui inasema nini. Nikiwa na hasira au nimekosa usingizi anapanda. Nikiwa nabangua karanga na watu wanapiga soga, namsahau mpaka jioni. Hapa ninapoandika yupo, ila ninamsikia kwa sababu nimemtaja.

Ulipoondoka nilikwenda zahanati nikamweleza muuguzi habari zako zote, hata ya kondoo. Akasema kimya kitupu ndicho kilichokuwa kinaukuza mlio wako, kaa na sauti ndogo karibu. Akasema usitie sikioni mafuta wala dawa ya mtu. Mlio unaweza kupungua, unaweza kubaki, na ukibaki watu wanaishi nao. Ila ukirudi kwenye kelele bila kujikinga, sikio lenyewe linakwisha. Hapo mjini wako wanaopima masikio.

Kengele za mbuzi nimezirudisha. Hasira zangu pia zimepungua, sikufichi. Ninakaa mlangoni ninatazama barabara kama mjinga. Sikuogopei mlio, Nyemo. Ninakuogopea kile kinachokuja nyuma yake, maana kile hakipigi kelele. Siku moja unamwona mtu anacheka mbele yako, na hujui amesema nini.

Basi Jumatatu usiende kwenye mawe. Omba ruhusa, ukinyimwa nenda hivyo hivyo. Nenda hospitali wakakupime masikio yote mawili, na useme kazi unayofanya bila kuona haya. Ukirudi kazini, vile vya kufunika vikae masikioni, si shingoni, na atakayekuita mtangazaji mpe barua hii asome. Ukishapimwa nipigie simu. Nikipokea usianze kuongea. Subiri kwanza nihamishie simu sikio la kulia. La kushoto halisikii tena.

Ni mimi bibi yako,
niliyekubeba mashineni.