Filimu ya Kifua cha Maman

Nsimire mujukuu wangu,

Huku Kasha tuko, Mungu anatuchunga. Papa yako bado anakohoa, lakini anakula vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Unasema kwenye maabara yenu munapiga fuwele, kijiwe kama punje ya chumvi, na mwanga wa laser, na kabla jicho halijapepesa munaipiga picha kwa miale ya X, muone atomu zikitetemeka. Halafu unauliza: "Koko, wewe uliyekuwa unapiga watu radio hospitalini, picha za mifupa kwa miale hiyo hiyo, mugonjwa akitetemeka ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa namugombeza.

Wakati wa vita, maman yangu alifika kutoka kwetu kijijini Miti kwa miguu, kifua kikimuuma. Filimu ilikuwa imebaki moja. Mwenzangu alibonyeza mashine, mimi nikamushika maman kwenye bega asianguke. Nikamupandishia sauti: "Maman, acha kutetemeka! Unaharibu filimu!"

Akasema, "Nisamehe, mutoto wangu."

Picha ilitoka na ukungu, kila ubavu ukionekana mara mbili. Daktari hakuweza kuisoma. Jumapili tukamuzika.

Filimu niliichunga, maana picha ingine ya maman sina. Miaka yote niliiita filimu iliyoharibika. Lakini nyinyi munatafuta kutetemeka kwenyewe, basi jana niliishika kwenye dirisha, nikaiangalia upya. Juu ya bega lake kuna mifupa ya vidole vyangu. Nayo inaonekana mara mbili.

Tulikuwa tunatetemeka wote wawili, Nsimire, na aliyeomba musamaha ni yeye.

Koko wako